Vitabu 300 vya PDF kwa Sh 10,000: je, nimevunja sheria?

Swali: Shikamoo wakili. Ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, niko Mwanza. Kuna chaneli ya Telegram inauza "maktaba kamili ya uuguzi", PDF zaidi ya 300, kwa Sh 10,000 tu. Kitabu kimoja kati ya hivyo nilikiulizia dukani nikaambiwa Sh 160,000, tena si toleo la karibuni. Nikalipa kwa simu, nikatumiwa linki, nimeshapakua vyote. Muuzaji anasema ana leseni ya kuuza, na risiti ya malipo ninayo. Sasa mwenzangu ananitisha kwamba hilo ni kosa la mtandao na naweza kukamatwa. Je, ni kweli? Na nikiwarushia wenzangu darasani, kuna ubaya?

Marahaba, mwanangu. Naona hofu imekukaa, kwa hiyo nianzie mwisho. Kwa kununua na kujisomea mwenyewe, si rahisi ukamatwe. Kesi za hakimiliki kwa kawaida humwandama anayeuza na anayesambaza. Hilo halina maana kwamba ulichofanya ni halali. Umelipia nakala ambazo aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuziuza, na hela yako haijakupa haki yoyote juu ya nakala hizo. Ukiwarushia wenzako, utakuwa umetoka upande wa msomaji na kuingia upande wa msambazaji, na huko sheria zetu ni kali kuliko wengi wanavyodhani.

Huku Bara tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218. Zanzibar wana ya kwao ya mwaka 2003. Zote mbili zinampa mwandishi, au mchapishaji aliyemkabidhi haki zake, mamlaka ya kuamua nani anakili kitabu, nani anakisambaza, nani anakitafsiri na nani anakifikisha kwa umma. Kitabu hakihitaji kusajiliwa popote ili kilindwe. Kinalindwa tangu kilipoandikwa. Wapo wanaojipa moyo kwamba vitabu vya Wazungu havihusiki na sheria ya hapa. Vinahusika. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, Kenya mwaka mmoja kabla, na chini ya mkataba huo mwandishi wa Uingereza au Marekani analindwa hapa kwetu kama anavyolindwa mwandishi wa Tanga.

Kwa muuzaji wako, basi, hakuna utata. Alipopandisha mafaili yale alinakili bila ruhusa, na kila anapouza anasambaza bila ruhusa, tena kwa faida. Sheria ya 1999 inamwadhibu anayekiuka haki hizo kwa kujua, na yeye hawezi kusema hakujua.

Kwako wewe mambo hayajanyooka hivyo, na sitaki kukupa jibu rahisi ambalo si la kweli. Ulipopakua, simu yako ilitengeneza nakala mpya, na kunakili ni tendo linalohitaji ruhusa. Sheria yetu inamwachia mtu nafasi ya kunakili kwa matumizi yake binafsi, lakini nafasi hiyo inahusu kazi iliyotolewa kihalali, na haikuwekwa ili kuhalalisha bidhaa ya mharamia. Barani Ulaya suala hili lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2014 ilisema wazi kwamba ruhusa ya kunakili kwa matumizi binafsi haifuniki nakala iliyotoka kwenye chanzo haramu. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila hoja yake ina nguvu, na mimi ningeshangaa kama jaji wa hapa angeona tofauti. Wasomaji wangu wa Kenya wana maneno yaliyo bayana zaidi: sheria yao ya mwaka 2001 inahesabu kuwa kosa la jinai kumiliki nakala ya kiharamia isipokuwa kwa matumizi binafsi na ya nyumbani. Yaani mwenye faili moja la kujisomea hashitakiwi kwa kulimiliki tu, lakini mwenye duka la fotokopi aliyejaza flashi kwa ajili ya wateja amekwisha.

Watu hupenda kulinganisha jambo hili na kununua simu ya wizi. Ulinganisho huo unasaidia mahali pamoja na kupotosha pengine. Ukinunua simu ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, Kanuni ya Adhabu inakutazama kama mpokea mali ya wizi, na polisi wataichukua wairudishe kwa mwenyewe. Faili la kitabu halikuibwa kwa maana hiyo, kwa sababu mwandishi bado analo la kwake. Kilichoporwa ni haki yake ya kuamua na kulipwa. Kwa hiyo anayekutisha kwa neno "wizi" amekosea kifungu. Lakini kanuni moja ni ileile kwa simu na kwa PDF: mtu hawezi kukupa kisicho chake. Risiti yako inathibitisha kwamba ulilipa. Haithibitishi kwamba aliyepokea alikuwa na cha kuuza.

Mfano mzuri wa jambo hili ulitokea Marekani Julai 2009. Amazon ilikuwa imeuza kupitia Kindle, kifaa chake cha kusomea vitabu vya kielektroniki, nakala za riwaya mbili za George Orwell, "1984" na "Shamba la Wanyama", zilizowekwa na kampuni ambayo haikuwa na haki ya vitabu hivyo nchini humo. Ilipobainika, Amazon ilivifuta kutoka kwenye vifaa vya wasomaji kwa mbali, bila kuwauliza, ikawarudishia fedha. Wateja walilalamika sana, na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi hadharani. Wale watu walinunua kwenye duka rasmi kabisa, kwa nia njema, wakiwa na risiti, na bado walichokilipia hakikuwa chao. Hakuna aliyewashitaki, na hilo nalo lizingatie: aliyekosea mbele ya sheria alikuwa aliyeweka sokoni kisicho chake. Wao walirudishiwa hela kwa sababu nyuma yao kulikuwa na kampuni yenye anwani na jina la kulinda. Chaneli ya Telegram inaweza kubadilisha jina usiku na asubuhi usiione tena.

Sasa hiyo "leseni". Hapa naomba uwe makini, maana ninaiona sana hii. Muuzaji akiulizwa leseni hutuma picha ya leseni ya biashara ya halmashauri, au cheti cha TIN, au usajili wa jina la biashara kutoka BRELA. Nyaraka hizo zinamruhusu kufungua biashara na kulipa kodi. Hazina uhusiano wowote na hakimiliki. Leseni ya kuuza kitabu hutoka kwa mwenye haki za kitabu hicho, kwa maandishi, ikitaja jina la kitabu, aina ya nakala, eneo na muda. Vitabu 300 vya wachapishaji tofauti wanaoshindana sokoni vingehitaji mikataba na kila mmoja wao. Gawanya Sh 10,000 kwa 300: kila kitabu kimekugharimu kama Sh 33. Hakuna mchapishaji wa vitabu vya tiba duniani anayemkabidhi mtu binafsi kitabu chake akiuze kwa Sh 33, na wewe mwenyewe nadhani ulilihisi hilo, ndiyo maana umeniandikia.

Hata hivyo bei ndogo peke yake haimtii mtu hatiani, na napenda hili lieleweke, kwa sababu tukianza kuogopa kila PDF ya bei rahisi tutawaumiza waandishi wetu wenyewe. Hapa Tanzania waandishi wengi wa riwaya wanajiuzia softikopi kwa WhatsApp, kwa elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, malipo kwa simu. Hakuna duka, hakuna tovuti, pengine hata jalada amelitengeneza mdogo wake. Ni biashara halali kabisa, kwa sababu anayeuza ndiye mwenye haki. Kujua ni rahisi: namba unayolipia ni ileile iliyoandikwa ndani ya kitabu au kwenye ukurasa wa mwandishi mwenyewe, na ukimpigia anapokea. Kinachoniuma ni kwamba waandishi haohao hutoa sehemu mpya leo, kesho yake PDF nzima iko kwenye magrupu, imetumwa na mtu aliyeinunua kwa elfu mbili na kuona ni ukarimu kuwapa watu 250 bure. Mwandishi anayeishi kwa hizo elfu mbilimbili hana mshahara mwingine wa kuziba pengo hilo. Wengine wameacha kabisa kuandika, na wasomaji wao wanabaki wanauliza sehemu inayofuata itatoka lini.

Kuna pia vitabu vinavyouzwa kwa bei ya chini, au kutolewa bure, kwa sababu ulinzi wake umekwisha. Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, hivyo ulinzi wa kazi alizochapisha ulimalizika mwishoni mwa 2012. Orwell alifariki 1950, kwa hiyo kwetu vitabu vyake viko huru tangu mwanzo wa 2001, ingawa Marekani, ambako sheria inahesabu vingine, 1984 bado inalindwa. Ndiyo sababu faili moja linaweza kuwa halali Dar es Salaam na haramu New York. Tahadhari tu: tafsiri ya Kiswahili ina hakimiliki yake yenyewe, ya mfasiri, na utangulizi mpya au michoro ya toleo jipya navyo vina wenyewe. Vitabu vya uuguzi vinavyotumika vyuoni siku hizi haviko kwenye kundi hili.

Kundi jingine linanikera kwa namna tofauti. Wapo wanaowauzia wazazi PDF za vitabu vya kiada vya shule, wakati Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye Maktaba Mtandao yake mtu avisome bila kulipa. Mzazi anatoa elfu tano kwa kitu ambacho serikali imempa bure. Kabla ya kulipia PDF yoyote ya shule, angalia huko kwanza.

Vilevile utakutana na anayesema anauza "mitumba": kwamba yeye alinunua kitabu cha kielektroniki kihalali, amemaliza kukisoma, anakuuzia nusu bei. Kwa kitabu cha karatasi hana kosa. Ukishanunua kitabu chako unaweza kukiuza Kariakoo, kukiazimisha au kukirithisha. Kwa faili ni tofauti, maana "kuuza" faili ni kutengeneza nakala nyingine, na ya kwanza kwa kawaida inabaki kwake. Kampuni moja ya Uholanzi, Tom Kabinet, ilijaribu biashara hiyo, na tarehe 19 Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba inahitaji ruhusa ya mwenye haki. Isitoshe, ukisoma masharti ya maduka makubwa ya vitabu vya kielektroniki utaona kwamba hata mnunuzi halali anapewa leseni ya kusoma, hapewi umiliki. Tangu Januari 2025 jimbo la California linawalazimisha wauzaji kulisema hilo wazi kabla mteja hajalipa. Kwa hiyo na wale wanaouza akaunti za pamoja, "lipia elfu tatu utumie Kindle yetu", wanakuuzia kitu ambacho mkataba wao wenyewe unakikataza, na siku akaunti ikifungwa vitabu vyote vinaondoka nayo.

Nije kwenye wenzako darasani, ambalo kwangu ndilo swali lako zito kuliko yote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inakataza kutumia mfumo wa kompyuta, na simu yako imo, kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu zinazolindwa na sheria nyingine. Watu wengi hudhani kosa lipo pale tu unapouza. Kifungu hicho kinagusa pia anayefanya bila biashara: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa anayefanya biashara, faini haipungui milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia juu yake. Angalia neno "isiyopungua". Hapo si kiwango cha juu, ni kiwango cha kuanzia. Sikuambii hivi kukutisha zaidi ya ulivyotishwa na mwenzako. Nakuambia kwa sababu kijana wa miaka 21 aliyetuma faili kwenye grupu la darasa kwa moyo mzuri hajui kabisa kwamba jina lake linaweza kuandikwa chini ya kifungu hicho. Ni adhabu kubwa mno kwa mwanafunzi, na mimi ningependa Bunge liirekebishe. Mpaka hapo itakapobadilishwa, ndiyo sheria. Mkichangishana hela darasa zima mkanunua "maktaba" moja mkagawana, ni hivyohivyo. Mchango hauibadilishi kuwa kitu kingine.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, lakini kwa fani yako siwezi kulinyamazia. Mafurushi haya ya PDF hayana mhariri. Ndani yake kuna matoleo ya zamani yaliyobadilishwa jalada, kurasa zilizoskaniwa zikakatika jedwali la dozi, na vitabu vilivyopitwa na wakati ambavyo hakuna aliyeviondoa. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwaka 2011 tiba ya malaria kali kwa watoto wa Afrika, kutoka kwinini kwenda sindano ya atesuneti. Kitabu cha 2008 hakiwezi kukueleza hilo, na faili lisilo na ukurasa wa toleo halikuonyeshi kwamba ni la 2008. Wewe utakuja kusimama wodini ukiwa na sindano mkononi. Uhalali wa kitabu na usalama wa kitabu mara nyingi vinakwenda pamoja, kwa sababu anayekiuza kihalali ana jina lake juu yake na anaweza kuulizwa.

Najua utaniambia: wakili, Sh 160,000 nitaitoa wapi? Ni kweli, na sitajifanya siioni. Bei hiyo kwa mwanafunzi wa Mwanza ni kubwa mno, na wachapishaji wa ng'ambo wanaopanga bei moja kwa dunia nzima wanachangia kuuzalisha uharamia wanaoulalamikia. Lakini kabla ya kurudi Telegram, nenda kwa mkutubi wa chuo chako umuulize neno moja: Hinari. Ni mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, sasa uko chini ya Research4Life, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida na vitabu vya tiba kwa njia ya mtandao. Tanzania iko kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata bure. Chuo kikishasajiliwa, mwanafunzi anasoma kihalali kabisa. Kama chuo chenu hakijasajiliwa, andikeni barua kama darasa mkiomba kisajiliwe. Ombi hilo lina maana kuliko mchango wa kununua PDF za wizi wa haki za watu.

Halafu ipo OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Mwaka 2024 walitoa mfululizo mzima wa vitabu vya uuguzi, vikiwemo vya misingi ya uuguzi na famakolojia, na unavipakua bure kutoka kwenye tovuti yao. Leseni yake inaruhusu kunakili na kushirikishana bila kumwomba mtu, ilimradi ufuate masharti yake, kama kumtaja aliyekitoa. Vitabu vya kuwarushia wenzako ni hivi. Kwa kile kitabu kimoja ambacho mkufunzi anakitaka na hakipatikani kwingine, wanafunzi wanne mnaweza kuchangia nakala moja ya karatasi, toleo la karibuni, mkapokezana. Kitabu cha karatasi kinaazimishwa bila kuvunja sheria yoyote. Na mwenye ulemavu wa kuona au asiyeweza kusoma maandishi ya kawaida ana njia yake: Kenya na Tanzania zote zimejiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu taasisi kumtengenezea nakala inayosomeka kwake.

Kuhusu yale mafaili 300, yafute. Kwanza angalia kama ndani ya furushi hukusakinisha programu yoyote, hasa faili linaloishia na APK au EXE lililojiita kitabu. Kitabu hakihitaji kusakinishwa. Kama ulisakinisha, liondoe na ubadilishe nywila na namba ya siri ya akaunti yako ya fedha ya simu. Piga picha za skrini za mazungumzo, tangazo na ujumbe wa malipo kabla hujafuta. Hela unaweza kumdai muuzaji, ingawa nakuambia mapema kwamba mara nyingi hairudi. Ukitaka kuripoti, pa kwenda ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Zanzibar ni COSOZA, na Kenya ni KECOBO. Unaweza pia kumwandikia mchapishaji moja kwa moja kwa barua pepe iliyo kwenye tovuti yake, ukimtumia linki ya chaneli. Mwenye haki akilalamika mwenyewe, chaneli kama hiyo hufungwa haraka kuliko akilalamika msomaji.